Kosa, Hatia na Adhabu katika Sheria ya Uingereza: Maneno Yanayompoteza Msomaji wa Kiswahili

1. Utangulizi

Msomaji wa Kiswahili aliyesomea hapa Kongo, afunguapo kitabu cha sheria kilichochapishwa Dar es Salaam au Nairobi, hukutana na maneno anayoyafahamu yote na maana asiyoifahamu. Husoma hakimu, jaji, kosa, hukumu, kuua kwa kukusudia, naye hudhani ameelewa, kwa kuwa kila neno lina mwenzake katika Kifaransa alichofundishwa shuleni. Kumbe maneno hayo yalipewa maana yake ya kisheria katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza, na nyuma ya kila moja umesimama utaratibu wa mahakama ambao haukupita kwetu. Sisi tulirithi sheria ya Wabelgiji. Wenzetu wa mashariki walirithi ya Waingereza.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi sheria ya Uingereza inavyofikiri juu ya makosa ya jinai na adhabu zake, na kuonyesha ni wapi maneno ya Kiswahili yanaichukua fikra hiyo vizuri na ni wapi yanaiangusha. Mwandishi ni mwanaisimu, si wakili. Asomaye asitegemee kupata hapa ushauri wa kesi yake. Hata hivyo jambo lenyewe si la vitabuni tu. Miongoni mwa wasemaji wa Kiswahili waishio Uingereza wamo Wakongo wengi waliofika huko kama wakimbizi, na kama ilivyo kwa watu wa taifa lolote, baadhi yao hufikishwa mahakamani, ama kama washtakiwa, ama kama mashahidi, ama kama wale waliotendewa maovu. Kando yao huketi mkalimani. Mkalimani huyo pengine amejifunza istilahi za Afrika Mashariki, au pengine ni mmoja wa wahitimu wa idara kama yetu. Akikosea neno moja, mtu aweza kukubali jambo asilolitenda.

Ikumbukwe tangu mwanzo kwamba "sheria ya Uingereza" katika mambo ya jinai ni sheria ya Uingereza yenyewe pamoja na Wales. Scotland ina sheria yake na mahakama zake, na Ireland ya Kaskazini vilevile.

2. Kosa lina nusu mbili

Neno kosa katika Kiswahili ni pana mno. Mtoto aandikaye herufi vibaya amefanya kosa, mgeni aingiaye bila kubisha hodi amefanya kosa, na muuaji naye amefanya kosa. Ndiyo sababu wanasheria wa Afrika Mashariki huongeza neno lenye asili ya Kiarabu na kusema kosa la jinai. Katika sheria ya Uingereza kosa la namna hiyo kwa kawaida lina nusu mbili ambazo hazina budi kukutana: tendo lililokatazwa, na hali ya moyo iliyokatazwa ambayo mtendaji alikuwa nayo alipotenda. Tendo peke yake halitoshi. Moyo peke yake hautoshi pia. Mwenye kutamani mali ya jirani bila kunyosha mkono hana kesi ya kujibu.

Nusu ya pili huitwa na vitabu vya Tanzania nia ovu. Kwa maoni yetu istilahi hiyo inapotosha, kwa sababu neno ovu linamwelekeza msomaji kwenye uovu wa tabia, ilhali sheria haiulizi kama mtu ni mwovu. Inauliza alikusudia nini, alijua nini, na alijihatarisha kwa nini. Kesi mashuhuri ya mwaka 1884 inalionyesha jambo hili kuliko maelezo yoyote.

Mwaka huo jahazi dogo la starehe lililoitwa Mignonette liliondoka Uingereza kwenda Sydney likiwa na watu wanne: nahodha Dudley, Stephens, Brooks, na kijana wa miaka 17 aitwaye Richard Parker. Lilizama katika bahari ya Atlantiki ya kusini, nao wakabaki katika mashua bila maji ya kunywa na karibu bila chakula chochote. Baada ya siku zipatazo ishirini, kijana akiwa hoi kwa kunywa maji ya bahari, Dudley na Stephens walimuua, nao pamoja na Brooks wakamla. Siku chache baadaye waliokolewa na meli ya Kijerumani. Walipofika bandari ya Falmouth hawakuficha kitu; walieleza yote, kwani hawakudhani wametenda jinai. Wananchi wengi waliwahurumia. Mahakama haikuwa na shaka kwamba walikuwa wakifa kwa njaa, wala haikusema kwamba walikuwa watu wabaya. Ilisema tu kwamba walikusudia kumuua mtu asiyewadhuru, na kwamba dharura si utetezi katika kesi ya kuua. Walihukumiwa kunyongwa. Kisha adhabu hiyo ikapunguzwa kwa huruma ya Malkia hadi kifungo cha miezi sita.

Hapa msomaji aona mambo mawili ambayo Kiswahili cha kila siku huyachanganya katika neno moja, nia. Nia kwa maana ya kusudi ilikuwapo, na ndiyo iliyowatia hatiani. Nia kwa maana ya sababu iliyowasukuma ilikuwa njaa, nayo ilifanya kazi baadaye, katika adhabu. Mkalimani akiulizwa kutafsiri swali la wakili juu ya kusudi, asitumie nia pasipo kulifafanua. Kusudio ni neno salama zaidi.

Kusudio si hali ya moyo ya pekee. Iko pia ile ya mtu anayejua kwamba tendo lake laweza kuleta madhara, na bado analitenda. Tutaiita kujihatarisha kwa makusudi. Mwaka 2000 watoto wawili wa miaka 11 na 12 waliwasha magazeti nyuma ya duka katika mji wa Newport Pagnell, wakaondoka wakidhani moto utazimika wenyewe. Duka na majengo ya jirani yaliungua, hasara ikafika pauni zipatazo milioni moja. Sheria iliyokuwapo tangu 1981 ilipima kwa kuuliza kama mtu mzima mwenye akili timamu angeiona hatari hiyo. Kwa kipimo hicho watoto walitiwa hatiani. Mwaka 2003 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa kabla ya kuundwa Mahakama Kuu Kabisa mwaka 2009, lilibatilisha hukumu na kubadili kipimo: ni lazima ithibitike kwamba mshtakiwa mwenyewe aliiona hatari. (Mtoto wa chini ya miaka 10, kwa sheria hiyo, hawezi kushtakiwa kabisa.)

Yako makosa machache yasiyotaka moyo wowote, hasa ya barabarani. Aendeshaye gari kwa mwendo uliozidi kiwango ana hatia, hata kama hakutazama kipimo cha mwendo.

3. Kuua

Hapa ndipo penye hatari kubwa kwa mfasiri, nasi tutakaa kidogo.

Kamusi na sheria za Afrika Mashariki hugawa mauaji mafungu mawili: kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Mgawo huo ni mzuri masikioni, lakini haulingani na sheria ya Uingereza yenyewe. Kwa sheria ya huko, ambayo katika jambo hili haikuandikwa na bunge bali ilijengwa na majaji kwa karne nyingi, kosa kubwa la kuua hutimia mtu anapoua kinyume cha sheria akiwa amekusudia ama kuua, ama kuumiza vibaya sana. Maneno haya ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mtu aliyekusudia kumvunja mwenzake mguu kwa rungu, wala hakutaka afe, mwenzake akifa ana hatia ileile ya aliyechomoa kisu kwa lengo la kuua.

Tulinganishe na kwetu. Kanuni ya adhabu ya Kongo, iliyotokana na dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, inatenga katika vifungu vya 44 na 45 kuua kwa kusudio la kuua, na kuua kulikopangwa kabla. Na katika kifungu cha 48 inatenga kupiga kwa makusudi kulikoleta kifo bila kusudio la kuua, ambako adhabu yake ni miaka 5 hadi 20. Aliyevunja mguu kwa rungu, hapa kwetu angeangukia kifungu cha 48. Huko Uingereza angehukumiwa kifungo cha maisha, wala jaji hana ruhusa ya kutoa adhabu nyingine kwa kosa hilo. Kwa hiyo Mkongo anayemwambia polisi, kupitia mkalimani, "Sikutaka kumuua, nilitaka kumwumiza tu", akidhani anajitetea kama ambavyo angejitetea Lubumbashi, kwa kweli anathibitisha nusu ya pili ya kosa kubwa kuliko yote. Mkalimani hana haki ya kumshauri. Lakini ana wajibu wa kutolipunguza wala kulikuza neno lake. "Kuumiza tu", "kuumiza vibaya" na "kumtia adabu" si kitu kimoja.

Tuje kwenye fungu la pili. Kosa dogo la kuua katika sheria ya Uingereza lina matawi mawili. Katika tawi moja mtu hakukusudia: alizembea kupita kiasi, kama daktari anayemwacha mgonjwa bila hewa, au alitenda kosa jingine la hatari likaleta kifo. Katika tawi la pili alikusudia kabisa kuua, ila sheria inamhurumia kwa sababu maalumu: ugonjwa wa akili uliopunguza uwajibikaji wake, jambo lililoingizwa na sheria ya mwaka 1957, au kupoteza kujizuia kwa sababu nzito, kulikowekwa na sheria ya mwaka 2009 mahali pa kanuni ya zamani ya kuchokozwa. Mwanamke aliyepigwa na mumewe miaka kumi, akamuua kwa hofu, aweza kuangukia hapa. Kumwandikia mtu wa tawi hili "ameua bila kukusudia" ni kusema uongo juu ya kesi yake. Tungependekeza kuua kwa hatia kamili na kuua kwa hatia pungufu, maneno ambayo hayatoi ahadi yoyote juu ya kusudio.

Kupanga kabla, ambako kwetu kunabadili jina la kosa, huko hakubadili jina. Kunaongeza tu miaka. Adhabu ya kifo yenyewe imekwisha: watu wa mwisho kunyongwa walikuwa wawili, siku moja, tarehe 13 Agosti 1964, na bunge likaiondoa adhabu hiyo kwa kosa la kuua mwaka 1965.

4. Kupiga na kuiba

Sheria ya mwaka 1861 juu ya makosa dhidi ya mwili bado inatumika, ingawa majaji wenyewe wamelalamikia uzee wa lugha yake. Ngazi ni hizi: shambulio la kawaida, ambalo adhabu yake haizidi miezi sita, shambulio lililoleta madhara ya mwili, hadi miaka mitano, kujeruhi au kuumiza vibaya bila kukusudia madhara makubwa kiasi hicho, hadi miaka mitano pia, na kuumiza vibaya kwa kusudio hilohilo, hadi kifungo cha maisha. Mwanafunzi atauliza kwa nini ngazi ya pili na ya tatu zina adhabu moja. Hakuna jibu zuri. Ni urithi wa historia.

Neno shambulio lenyewe litamshangaza Mkongo, kwa kuwa kwetu hushambulia jeshi au kundi la majambazi. Katika sheria ya Uingereza si lazima hata kugusa. Atosha kuinua ngumi hata mwenzake aogope kupigwa papo hapo. Mwaka 1997 Baraza la Malodi liliamua kwamba hata kumpigia mtu simu mara kwa mara na kunyamaza tu kwaweza kuwa shambulio, ikiwa msikilizaji anaogopa kwamba mwenye kunyamaza yuko njiani anakuja. Sisi tulio katika taaluma ya lugha tunajua kwamba kimya husema. Ni nadra kukiona kikipelekwa gerezani.

Juu ya wizi tuseme machache. Sheria ya Wizi ya 1968 inasema kwamba mwizi ni yule anayetwaa mali ya mwingine kwa njia isiyo ya uaminifu, akiwa na kusudio la kumnyima moja kwa moja. Kwa hiyo anayechukua baiskeli ya jirani bila ruhusa, akaenda nayo sokoni na kuirudisha jioni, si mwizi. Amefanya kosa jingine, dogo, lililotajwa katika sheria hiyohiyo, ambalo adhabu yake ni faini tu. Adhabu ya wizi haizidi miaka saba. Wizi ukiambatana na nguvu au vitisho vya nguvu ni unyang'anyi, na mlango wa kifungo cha maisha unafunguka. Kuingia ndani ya jengo kwa lengo la kuiba ni kosa la tatu, lenye kikomo cha miaka 14 ikiwa jengo ni makazi ya watu, na 10 ikiwa sivyo. Kiswahili cha mtaani husema wizi kwa yote matatu, na hapo pana kazi kwa mkalimani.

5. Nani anahukumu?

Zamani makosa yaligawanywa kuwa makubwa na madogo kwa majina ya kale; mgawo huo ulifutwa mwaka 1967. Leo kinachogawa ni mahakama. Yako makosa yanayokwisha katika mahakama ya chini, yako yanayokwenda lazima katika Mahakama ya Taji, na yako ya katikati, kama wizi, yanayoweza kwenda kokote. Kwa makosa ya katikati mahakama ya chini huamua kwanza kama kesi inaiweza. Ikisema inaiweza, mshtakiwa kwa desturi ya muda mrefu alikuwa na haki ya kukataa na kuomba baraza la raia. Haki hiyo imezua mabishano makali huko tangu 2025, kwa kuwa kesi zimerundikana.

Mahakama ya chini ina mahakimu, lakini hakimu huyu si hakimu wa Kongo wala wa Tanzania. Kwa kawaida ni raia asiyesomea sheria na asiyelipwa mshahara: mwalimu, muuguzi, mfanyabiashara aliyestaafu. Huketi watatu, pembeni yao mshauri aliyesomea sheria. Mizizi ya desturi hiyo hufika sheria ya mwaka 1361. Mtu wa kwetu aliyezoea kumwona zuzi aliyetoka chuo kikuu na kuvaa joho, akifikishwa mbele ya mabwana na mabibi watatu waliovaa nguo za kawaida, anaweza kudhani bado hajafika mahakamani, na akajibu ovyo. Jambo hili huonekana dogo. Si dogo, kwani watu hao watatu wana uwezo wa kumfunga. Uwezo wao kwa kosa moja la katikati ulikuwa miezi sita. Ulipandishwa hadi kumi na miwili Mei 2022, ukarudishwa Machi 2023, ukapandishwa tena Novemba 2024.

Katika Mahakama ya Taji jaji huongoza na kueleza sheria, lakini anayeamua kama mtu ana hatia ni baraza la raia kumi na wawili waliochaguliwa kwa bahati nasibu katika daftari la wapiga kura. Baadhi ya wafasiri huwaita wazee wa baraza. Tusifanye hivyo. Wazee wa baraza, waliozoeleka katika mahakama za Afrika Mashariki tangu ukoloni, walitoa maoni tu, na jaji aliweza kuyakataa. Raia hawa kumi na wawili hawatoi maoni. Wanakata shauri, na jaji analazimika kulifuata shauri lao la kumwachia mtu huru. Heri kusema juri, kama wasemavyo wengine, kuliko kutumia neno letu kwa kitu kisicho chetu. Tangu 1967 si lazima wote wakubaliane. Kumi kati ya kumi na wawili wanaweza kutosha, baada ya kujaribu kupatana.

Juri huambiwa kila mara kwamba mzigo wa kuthibitisha uko juu ya upande wa mashtaka. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1935 katika kesi ya Woolmington, kijana mfanyakazi wa shamba aliyempiga mkewe risasi akasema bunduki ililipuka kwa bahati mbaya. Jaji wa kwanza aliwaambia juri kwamba, kwa kuwa kuua kumethibitika, ni kazi ya kijana kuonyesha kwamba ilikuwa bahati mbaya. Alihukumiwa kifo. Baraza la Malodi likasema sivyo: si kazi ya mshtakiwa kuthibitisha kwamba hana hatia, ila kwa mambo machache yaliyotengwa. Kijana akaachiwa huru.

6. Kukiri, kukana, kunyamaza

Katika sheria yetu mtu akikiri, ungamo lake ni ushahidi mmojawapo ambao hakimu huupima pamoja na mwingine. Uingereza, mtu akijibu mahakamani kwamba ana hatia, kesi ya kuthibitisha imekwisha. Hapaitwi shahidi, wala juri haiketi. Kinachobaki ni adhabu. Jibu hilo halimaanishi "nilikuwapo" au "mkono wangu ulimgusa". Maana yake ni kwamba mshtakiwa anakubali kila nusu ya kosa, tendo na moyo, na kwamba hana utetezi wowote. Aliyempiga mtu akijikinga hana hatia, hata kama alimpiga kweli.

Sasa tufikirie swali likitafsiriwa "Una kosa au huna?" Mtu aliyelelewa kwetu, mbele ya wakubwa, hujua kwamba adabu ni kusema "Nimekosa, munisamehe" hata pale asipoona kosa lake, ili shauri litulie na wazee wapatanishe. Lugha hiyo ya upatanisho, ikichukuliwa neno kwa neno na kupelekwa katika mahakama ya London, inageuka ungamo kamili. Heri swali liulizwe kwa neno hatia, nalo liulizwe kwa ukamilifu: "Je, unakubali kwamba una hatia ya kosa hili, au unakana?" Na neno nimekosa likitoka mdomoni mwa mshtakiwa, mkalimani alitafsiri lilivyo, kisha aiambie mahakama waziwazi kwamba neno hilo lina maana mbili, ili mahakama yenyewe iulize zaidi.

Onyo la polisi nalo lina mtego. Filamu za Marekani zimewafundisha watu kwamba mshukiwa ana haki ya kunyamaza, basi. Lakini tangu sheria ya mwaka 1994 onyo la polisi wa Uingereza lina sehemu tatu: si lazima useme kitu, lakini utetezi wako waweza kudhurika ikiwa, unapoulizwa, hutataja jambo ambalo baadaye utalitegemea mahakamani, na lolote utakalosema laweza kutolewa kama ushahidi. Sehemu ya katikati ndiyo ngumu kutafsiri, ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayoumiza.

Haki ya kuelewa yenyewe haibishaniwi. Katika kesi ya Mchina aitwaye Lee Kun, mahakama ya rufani ilisema kwamba mshtakiwa asiyejua Kiingereza lazima atafsiriwe ushahidi, hasa asipokuwa na wakili. Leo Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu unampa mkalimani bila malipo.

7. Adhabu

Tuanze na neno. Hukumu katika Kiswahili ni uamuzi wa jaji, ni tamko la hatia, na ni adhabu. "Amehukumiwa" yaweza kuwa yoyote ya hayo. Katika Mahakama ya Taji mambo hayo yametengana, mara nyingi kwa majuma kadhaa: juri hutamka hatia, kesi huahirishwa ili ofisa wa uangalizi aandike taarifa juu ya maisha ya mtu, kisha jaji peke yake hutoa adhabu. Kwa hiyo tuseme ametiwa hatiani kwa lile la kwanza, na amepewa adhabu kwa la pili. Ndugu aliyeambiwa kwa simu "kaka amehukumiwa" huku Kalemie au Uvira ataanza kuhesabu miaka ambayo bado haijatolewa.

Jambo la pili la kushangaza ni kwamba sheria za bunge la Uingereza kwa kawaida hutaja kikomo cha juu tu. Kanuni yetu husema kuanzia miaka kadhaa hadi kadhaa. Yao husema isizidi. Miaka saba ya wizi si bei ya wizi. Kati ya sifuri na saba jaji huongozwa na miongozo ya Baraza la Adhabu, lililoanza kazi mwaka 2010, ambayo mahakama hulazimika kuifuata isipokuwa pale ambapo haki yenyewe ingevunjwa. Jaji hupima kwanza uzito wa lawama ya mtendaji na ukubwa wa madhara, akapata mahali pa kuanzia. Kisha hupandisha kwa mambo kama makosa ya zamani au chuki ya rangi, na kuteremsha kwa mambo kama ujana, ugonjwa au majuto ya kweli. Mwishoni huja punguzo la kukubali hatia: theluthi moja kwa aliyekubali katika nafasi ya kwanza, robo kwa aliyechelewa, sehemu ya kumi kwa aliyesubiri hadi siku ya kusikilizwa. Adhabu ya miezi 18 hushuka hadi 12 kwa wa kwanza, na kwa wa mwisho hubaki kama 16. Hapa kazi ya mkalimani inageuka miezi ya mtu. Kwa bahati njema, miongozo inaruhusu punguzo lisipotee ikiwa mtu alihitaji kwanza kuelezwa jambo ili aelewe anashtakiwa nini.

Si kila adhabu ni buloko. Iko faini, au lamande kama tusemavyo mitaani, ambayo hupimwa kwa mapato ya juma ya mkosaji, hata maskini na tajiri wakifanya kosa moja wasilipe kiasi kimoja. Iko amri ya kutumikia jamii, pamoja na kazi bila malipo hadi saa 300. Kiko kifungo kilichoahirishwa, ambacho humwacha mtu nyumbani kwa masharti. Hata aliyefungwa hatumikii muda wote gerezani. Sehemu huitumikia nje, akiwa chini ya masharti, na akiyavunja hurudishwa ndani.

Kifungo cha maisha kinahitaji ufafanuzi, maana Kiswahili kinakitamka kana kwamba mtu atafia ndani. Jaji hutaja muda wa chini kabisa, ambao kwa mtu mzima aliyeua mara nyingi huanza kupimwa kutoka miaka 15, au 25 ikiwa alikwenda na kisu mahali pa tukio, au 30 kwa mauaji kama yale ya bunduki. Muda huo ukiisha, bodi maalumu huamua kama mtu si hatari tena. Akitoka hubaki chini ya masharti mpaka kufa kwake. Kufungwa kweli mpaka kifo kuna jina lake mbali, nako hutolewa kwa mauaji ya kutisha zaidi. Tukuite kifungo cha maisha yote.

Kilikuwapo pia kifungo cha ulinzi wa umma, kilichoanza kutolewa mwaka 2005 kwa watu walioonekana hatari ingawa hawakuua. Kilikuwa na muda wa chini, wakati mwingine usiofika miaka miwili, lakini hakikuwa na mwisho. Bunge lilikifuta mwaka 2012, lakini halikuwafungulia waliokwisha kupewa. Wako waliobaki gerezani zaidi ya miaka kumi baada ya muda wao wa chini kuisha, kwa sababu hawakuweza kuithibitishia bodi kwamba si hatari. Wafasiri wengine hukiita nacho kifungo cha maisha. Kwa sheria si hicho; aliyekipata hakuambiwa kamwe mahakamani kwamba amepewa maisha. Kifungo kisicho na kikomo ndilo jina linalosema alichoambiwa.